Dada yangu aliacha kula, ukoo tukasema ni mwiko wa mkoba wa bibi: niliyoyaona kwa fundi kule Mahurunga

Wakuu, shikamooni wakubwa, mambo vipi rika langu, na nyie mnaosoma kimya kimya bila kuacha hata nukta nawaona pia. Vuteni viti.

Mnaonijua humu mnajua mimi ni mtu wa nyuzi za mpira na ndoto zangu za kuwa mtangazaji. Leo sijaja na utani. Naandika nilichokiona kwa macho yangu, na mwenye kisa, dada yangu wa tumbo moja, amenipa ruhusa. Majina nimebadilisha, yeye hapa tumwite Somoe. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Shule niliishia form four, na matokeo yangu tuyaache yapumzike. Nikikosea maneno ya kitaalamu, wataalamu nirekebisheni taratibu.

Twende sasa.

Sisi ni wa hapa Mtwara mjini. Mimi nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, kazi ya kukwangua na kubeba, jua lote la dunia linaishia mgongoni kwangu. Nyumbani tupo watatu: mama, Somoe na mimi. Baba alishatangulia mbele ya haki.

Kwetu Wamakonde mwenye sauti ndani ya ukoo ni mjomba, kaka wa mama. Hata baba yako awe waziri, mjomba akikohoa mnanyamaza.

Somoe ni fundi cherehani na ni mtu wa kucheka. Akicheka lazima akupige mgongoni, ukikaa naye karibu jiandae. Wateja wengine nahisi walikuwa wanakuja kusikia vichekesho tu, nguo ni kisingizio.

Mwaka juzi akaanza kuongea peke yake.

Mwanzoni nilidhani anaongea na simu, ana earphone. Nikamtania, "Nisalimie shemeji." Akanitazama kama vile mimi ndiye nimedandia maongezi ya watu. Akageuka ukutani, akaendelea. Masikioni hakuwa na kitu.

Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna watu wanamjadili. Wanajua anachokiwaza kabla hajakisema. Akishika mkasi wanasema "ameshika mkasi". Akivua viatu wanasema "amevua viatu, anataka kulala huyo". Siku nzima, wakuu. Hebu fikiria mtu anatangaza mechi ya maisha yako na huwezi kuzima redio.

Cherehani ikafunikwa shuka.

Sasa hapa inabidi niwaeleze kitu.

Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa fundi. Siyo wa nguo, fundi wa uganga, wa kupunga watu wenye mashetani na kuongea na mahoka, mizimu ya ukoo. Alipofariki aliacha mkoba wake. Ni mkoba kweli, wa ngozi, una dawa na manyanga ya kutikisa na shanga zake, lakini tukisema "mkoba" tunamaanisha kazi yenyewe. Mahoka ndio wanaochagua nani aupokee. Na wanavyochagua siyo kwa barua ya ajira. Wanakuumiza. Unaumwa pasipoeleweka, unaota, unasikia sauti, unaongea peke yako.

Mkoba wa bibi ulikuwa unaning'inia nyumbani kwa mjomba toka mimi niko mdogo. Hakuna aliyechaguliwa.

Kwa hiyo mjomba alipoitwa, akakaa mbele ya Somoe, akamsikiliza anavyojibizana na wasioonekana, mzee mzima akalia. Akasema, "Mama amerudi."

Wakuu, sitawadanganya, nywele zilinisimama. Sikuogopa. Nilijiona nimekaa mlangoni mwa kitu kikubwa. Dada yangu! Aliyekuwa ananipiga mgongoni jana tu!

Majirani wakaanza kupita wakimsalimia kwa heshima mpya. Kuna mama mmoja alipiga magoti kabisa. Sheikh wetu wa mtaani alimsomea, akamaliza, akasema tusimwache bila uangalizi, kuna waliopagawa na kuna wagonjwa na yeye hajui huyu ni yupi. Tukasikia ile sehemu ya kupagawa, ile nyingine tukaiacha mlangoni.

Halafu Somoe akaanza kukataa chakula.

Kwanza nyama. Kisha wali. Kisha chochote kilichopikwa pale nyumbani. Ikafika mahali anakula mayai ya kuchemsha na ndizi tu, na lazima amenye mwenyewe. Samaki wa nazi wa mama, ambao zamani alikuwa ananiibia mpaka kichwa, akawa analisogeza mbali bakuli lao kwa kidole kimoja.

Mwingine angeshtuka. Sisi hatukushtuka, na sababu ni hii: mtu anayepokea mkoba anawekewa mwiko. Kuna vyakula haruhusiwi kugusa mpaka siku atakapofunguliwa. Kila mtu kwetu anajua. Kwa hiyo tukaelewa kwamba mahoka wameshamwekea mwiko wake, na kazi yetu ni kuulinda.

Na tuliulinda hasa. Mama akakatazwa hata kumbembeleza. Mjomba alikuwa anasema, "Msimharibie. Akila kabla ya wakati mkoba utamkataa, na mahoka wakikataliwa hawaondoki hivi hivi."

Mama akawa anapika, anakaa na sufuria mapajani, analia kimya.

(Samahani wakuu, umeme ulikatika, nimerudi. Naona kuna mdau kashaanza kuuliza mbona hatukuwahi hospitali. Tulia mkuu, nafika.)

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni nesi, ametoka Mbeya, anafanya kazi kitengo cha afya ya akili. Nitamwita Dada Neema. Mlokole wa kweli, kwaya kila Jumamosi, lakini hana makuu. Alikuja akakaa na Somoe kwenye mkeka muda mrefu, wakaongea kama mashoga. Alipotoka akatuambia inaonekana ni ugonjwa, unaitwa skizofrenia, na una dawa.

Akasema, "Sauti anazisikia kweli. Msimwambie anaongopa. Anasikia kama ninyi mnavyonisikia mimi sasa hivi."

Mjomba akamuuliza, "Binti, kwenu huko Mbeya mna mahoka?"

"Mizimu tunayo, mjomba. Na wagonjwa tunao."

"Mnawatofautishaje?"

"Wengine tunashindwa. Ndiyo maana nakuja kuuliza kabla hajakauka."

Mjomba akacheka kidogo, ila hakukubali. Hofu yake ilikuwa moja: dawa za hospitali zinafukuza mahoka, na mahoka wa bibi wakifukuzwa, mkoba umekufa, ukoo umekatika hapo. Nataka mumwelewe mjomba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamlinda mama yake.

Dada Neema akasimama, akajitengeneza kanga, akasema neno ambalo sikulitegemea kutoka kwa mlokole: "Basi mpelekeni mnakoamini. Lakini mpelekeni sasa."

Maana wakati ule mayai na ndizi navyo vilikuwa vimekatazwa.

Fundi tuliyempelekea ni mwanamke mmoja kule Mahurunga, karibu na mto Ruvuma. Nitamwita Binti Lukanga. Ni mtu mzima sana, na jambo la muhimu: yeye alifundishwa na bibi yetu mwenyewe. Mwiko wake aliwekewa na bibi na alifunguliwa na bibi. Mjomba alisema hakuna mwingine mwenye haki ya kumkabidhi Somoe mkoba.

Siku ya safari nilimbeba dada yangu mpaka kwenye gari. Wakuu, mimi nabeba magunia ya chumvi. Najua uzito. Yule hakuwa na uzito wa mtu mzima. Ilikuwa kama nimebeba nguo zake bila yeye kuwemo.

Tulikuta mashamba ya mpunga yamejaa maji, kijani mpaka macho yanauma. Ngoma ilipangwa mchana, baada ya adhuhuri. Binti Lukanga alikuwa amejifunga kaniki, shanga shingoni, mfupi, mweusi tii, anatembea haraka kama ana kitu motoni. Alimtazama Somoe tangu kichwani mpaka miguuni, akaamuru ngoma ianze.

Nimekwenda disko, nimekwenda mechi uwanja umejaa. Sijawahi kusikia sauti inayoingilia kwenye magoti namna ile. Ubani unafuka, manyanga yanalia, wanawake wanaitikia.

Wateja wa Binti Lukanga, yaani wale anaowatibu, wakaanza kupandisha mashetani mmoja mmoja. Kulikuwa na mama mnene aliyekuwa amekaa jirani yangu, tumetoka kupiga naye stori za bei ya korosho. Ghafla akatikisika mabega, akainuka, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanaume, inaongea Kimakua cha ndani. Mama wa watu ni Mmwera! Binti Lukanga akamkabili kwa adabu kama mtu anayepokea mgeni barazani: "Nani mwenzetu? Umetoka wapi? Unataka nini?" Shetani likajibu. Wakabishana. Wakakubaliana.

Halafu ngoma ikasimama, na yule mama akakaa chini, akajifuta uso na mtandio, akaniuliza, "Uji umebaki?"

Mimi sielezi. Nasema nilichoona.

Basi wote walipanda, na ngoma iliponyamaza wote wakashuka. Isipokuwa mmoja.

Somoe alikuwa amekaa vile vile, kichwa kimeinamia kulia, midomo inacheza. Ngoma ilipolia alikuwa anaongea. Ngoma iliponyamaza alikuwa anaongea. Kama vile sisi wote na ubani wetu na kelele zetu hatukuwepo.

Mjomba akasogea na furaha usoni. "Fundi, unaona? Wapo! Hawataki hata kushuka!"

Binti Lukanga alipiga magoti, akaweka sikio lake karibu kabisa na midomo ya dada yangu, akasikiliza. Alisikiliza mpaka wapiga ngoma wakaweka mikono mapajani.

Akauliza, taratibu, "Mwanangu, wanasemaje?"

Somoe akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kumwona anamtazama mtu machoni. "Wanasema chakula cha mama kimepikiwa maji ya kuoshea maiti."

Nikasikia mama nyuma yangu akitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

"Mwiko wamekuwekea wao?"

"Ndiyo."

"Wamekuambia utafunguliwa lini?"

Somoe akafikiria. Akafikiria sana, kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko. Kisha akatikisa kichwa.

"Waulize."

Akainamisha kichwa, akasikiliza. Tukangoja. Halafu machozi yakaanza kumtoka, bila kulia, yanateremka tu. "Wanacheka," akasema.

Binti Lukanga akainuka. Akamgeukia mjomba, na sura aliyokuwa nayo sitaisahau.

"Mama yako aliniwekea mwiko mimi. Chumvi, na samaki mwenye magamba. Nilikonda mpaka watu wakanicheka. Lakini siku ananifunga, alinitajia siku ya kunifungua. Na kila jioni alikuwa anakuja kunishika hapa," akajigusa mbavu, "kuangalia kama nimebaki. Anayefunga ndiye anayefungua. Mahoka wa mama yako hawana tabia hii. Hawa sijui ni nani. Hawa hawajui kufungua."

Mjomba akasema, "Lakini mkoba..."

"Mkoba unataka mtu wa kuubeba! Wewe unanikabidhi mifupa?"

Binti Lukanga akamwita mama. Akamwambia apike palepale, mbele ya Somoe. Maji akayachote Somoe akiona. Moto auwashe Somoe akiona. Mama yangu anapika toka akiwa mtoto, ila siku ile mwiko wa kusongea ulimponyoka. Ugali wa muhogo na kisamvu, basi.

Kilipoiva, Binti Lukanga akaonja. Akamwonjesha mjomba. Mama akaonja. Halafu fundi akamshika Somoe utosini, akasema maneno ya Kimakonde ambayo nimekatazwa kuyaandika, ya kufungua mwiko. Akayasema kwa sauti kubwa, watu wote tukawa mashahidi. Kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili ya wale wasioonekana, "Mwiko huu nimeufungua mimi, niliyefunguliwa na bibi yake. Mwenye ubishi aje kwangu."

Akaweka tonge kwenye kiganja cha dada yangu.

Somoe akalitazama. Midomo inacheza, anabishana nao. Anasikiliza, anatikisa kichwa, anasikiliza. Nilikuwa naona shingo yake ikimeza mate. Sikuwahi kujua kwamba kula tonge moja la ugali kunaweza kuwa vita ya namna ile, na kwamba mtu anaipigana peke yake, watu wote wamemzunguka na hakuna wa kumsaidia.

Akalitia mdomoni.

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka bata wakakimbia. Mjomba alivua kofia yake akajifunika nayo uso.

Alikula matonge machache tu, akachoka. Siyo muujiza, wakuu, sitaki niwauzie muujiza. Sauti hazikuondoka. Bado alikuwa anajibizana nazo. Ila alikuwa amekula.

Na fundi akasema, "Sasa hospitali. Na mimi nakwenda."

Hii ndiyo sehemu inayonishangaza mpaka leo. Kesho yake Binti Lukanga alikuja mjini na kaniki yake na shanga zake, akakaa kwenye benchi la hospitali amemshika Somoe mkono, watu wanapita wanageuka. Dada Neema akatuingiza ndani. Akampa fundi shikamoo. Wakakaa wakitazamana, mlokole na mpunga mashetani, mimi nikasema moyoni leo patachimbika.

Dada Neema akauliza, "Bibi, na wewe unasikia sauti?"

"Nasikia."

"Toka lini?"

"Kabla mama yako hajavunja ungo."

Dada Neema akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Zinakusumbua?"

"Zikinisumbua naziambia kaeni nje kwanza, nina wageni."

"Zinatoka?"

"Zinatoka. Zina adabu. Sasa huyu mjukuu wangu akiziambia zitoke, zinamcheka. Kwa hilo sina dawa. Wewe unayo?"

"Ninayo ya kuzipunguza nguvu. Kuziondoa zote siahidi."

"Basi tuanzie hapo."

Wakuu, nilikuwa nimesimama pembeni na nikashindwa kujua niweke wapi mikono yangu. Kila mmoja alisema anachokiweza na asichokiweza. Daktari alipokuja kumpima alikuta kazi nusu imeshafanyika.

Dawa zilikuwa na mitihani yake. Mwanzoni Somoe alikuwa analala kutwa, mate yanamtoka, mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki. Mama akataka kuziacha. Dada Neema akatubana turudi kwa daktari, akabadilishiwa, akapunguziwa. Wiki zikapita. Siku moja nimetoka kazini nikamkuta jikoni anakula makoko ya ugali kwenye sufuria, amesimama, kwa haraka, kama mwizi. Nikarudi nje nikakaa kwenye tofali mpaka nikawa sawa.

Sasa hivi anashona, siyo kila siku. Amenenepa kidogo na analalamika nguo zinambana. Kila baada ya muda anakwenda kliniki, na Binti Lukanga akija mjini lazima apite amshike mbavu. Mkoba bado uko kwa mjomba. Fundi alisema utangoja, haujaoza.

Nilichojifunza mimi kijana wa chumvi? Siwezi kuwaambia mahoka hawapo, nimesimama karibu yao mno. Siwezi kuwaambia skizofrenia haipo, nimeibeba mikononi. Ninachoweza kusema ni kwamba kama ndugu yako amefungwa, na nguvu yoyote ile, muulizeni anafunguliwa lini. Asipojua, na wanaomfunga wakacheka, msikae mkilinda mlango. Mpelekeni. Anzeni popote mnapoamini, ila mchague mtu mwenye kusema "hapa mimi mwisho".

Nilidhani uzi unaishia hapo. Jana nilimsomea Somoe wote, kama nilivyoahidi. Alisikiliza, akacheka pale kwenye uji, akanipiga mgongoni. Nikamuuliza kama kuna nilichokosea.

Akasema kuna kitu nimekiacha kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba kati ya zile sauti ilikuwepo moja ya mwanamke. Haikuwa inamtukana wala kumkataza kula. Wengine wakimwandama, yenyewe ilikuwa inamwimbia, polepole, mpaka anapata usingizi. Dawa zilipoanza kufanya kazi, ile ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuondoka.

"Waandikie," akasema. "Nyie mlishangilia nimepona, na mimi nilikuwa na msiba. Sikuweza kuwaambia nimefiwa na nani."

Nilimshika mkono tu, wakuu, tukakaa. Dawa yake ya jioni akaimeza mwenyewe, bila kuambiwa.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Humu najua wapo mnaotumia dawa hizi au mnaoishi na wanaozitumia, na wapo mafundi pia, msijifiche. Je, kuna aliyewahi kuikumbuka sauti iliyoondoka? Ule upweke unaisha, au mtu anauzoea? Andikeni kwa upole, maana safari hii anayesoma majibu siyo mimi. Ni yeye.